Joto la Kaburini Kwamdoe

Aliyeshuka kaburini kumpokea baba ni mimi, na nyayo zangu ndizo zilizopata habari kwanza. Nilikuwa peku. Udongo wa chini ulikuwa wa moto. Haukuwa ule moto wa mchanga uliopigwa na jua, maana tulikuwa tumetoka sala ya alfajiri na jua lenyewe lilikuwa halijachomoza. Ulikuwa moto wa sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nikanyanyua mguu mmoja, nikashusha, nikanyanyua wa pili. Bwana Ngoda, mchimba makaburi wetu, alikuwa humo ndani pamoja nami, fulana imemlowa chapachapa, macho yake hayataki kukutana na yangu.

"Mpokee mzee wako tumalize," akaninong'oneza. "King'ora kitatukuta."

Siku hizi hakuna anayezika mchana. Kikilia king'ora cha joto, kila mwenye pumzi hukimbilia ndani, na anayebisha hubebwa kwa machela. Kwa hiyo tulimlaza baba kwenye mwanandani haraka haraka, tukaziba kwa mbao, tukafukia. Lakini waliokuwa juu walishaona. Tulivyokuwa tunarukaruka mle shimoni, hata kipofu angeuliza kuna nini. Kabla chai ya matangani haijachemka, habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima wa Kwamdoe: kaburi la Mzee Semboja linawaka.

Hakuna aliyesema kwa sauti. Watu wetu wana adabu zao. "Mambo ya kaburi tumwachie Mwenyewe," walisema, na jinsi walivyotazamana baada ya kusema ndiyo ilikuwa hukumu. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa swala tano, hakuwahi kugombana na mtu kwa lolote zaidi ya kola. Ghafla kila mwenye suruali iliyombana akagundua kwamba aliibiwa kitambaa. Aliyewahi kuchelewa kushonewa nguo ya Idi akasema yeye alijua zamani. Niliwachukia wote, na bado sijaona sababu ya kuacha.

Makaburi ya zamani yalikuwa yamejaa. Baba alikuwa mtu wa kwanza kuzikwa kwenye kiwanja kipya, kando ya uzio wa mtambo wa Mizizi, na kwa muda akawa wa mwisho. Wafiwa waliomfuata walirudi kubanana kule kwa zamani, kaburi juu ya kaburi, kuliko kumlaza mtu wao jirani naye. Miaka miwili baba alikuwa pale peke yake kama mgonjwa wa ndui.

*

Mwaka wa tatu chuoni tulianza Termodinamiki na Uhamishaji Joto. Mwalimu alikuwa Dakta Frida Hiza, mama mfupi mwenye sauti kavu, ambaye wanafunzi walimwita Mama Sapu kwa jinsi alivyotujaza kwenye mitihani ya kurudia. Mizizi yenyewe aliichora yeye, enzi za ujana wake. Kila mtu mjini aliijua Mizizi kwa jina. Jinsi inavyofanya kazi walijua wachache.

"Joto halifi," alituambia siku ya kwanza. "Linahama. Nani ana friji nyumbani?"

Mikono michache.

"Umewahi kuishika kwa nyuma?"

"Inaunguza, Dakta."

"Basi umemaliza nusu ya somo langu. Ubaridi wa mbele na moto wa nyuma ni kitu kimoja, na huwezi kuupata mmoja ukaukataa mwingine."

Akachora ubaoni Hospitali ya Kilimani, jengo ambalo wodi zake hazijapata kuvuka nyuzi ishirini na nne hata siku ambazo ndege huanguka kutoka mitini. Akachora mabomba yanayozunguka wodi, maji yanayonyonya joto, pampu inayoyasukuma. Kisha akashusha mabomba hayo hayo ardhini, marefu, membamba, mamia kwa mamia, yakiachia joto kwenye mwamba na kurudi mabaridi: hiyo ndiyo Mizizi. Chini ya mchoro akaandika joto la ardhi: nyuzi ishirini na tisa.

Sisi wahandisi tuna neno tunalolipenda kuliko majina ya mama zetu, nalo ni chukulia. Chukulia bomba ni la mviringo kamili. Chukulia hakuna kinachovuja. Chukulia ardhi ni hodhi la joto. Swali lolote utakalopewa, unaanza kwa kuchukulia, na ukisahau unakatwa alama. Hiyo ishirini na tisa tuliimba kama watoto wa chekechea, na waliotutangulia waliimba hivyo hivyo. Mwamshe mhandisi yeyote wa mji huu usingizini, umwulize ardhi ina nyuzi ngapi. Atakujibu ishirini na tisa, atageukia ukutani, ataendelea kukoroma.

Nilinyoosha mkono. "Dakta, hiyo ishirini na tisa ni ya lini?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Hodhi la joto ni kitu kikubwa kiasi kwamba hata ukikimiminia joto hakipandi. Ndiyo maana yake."

"Na kikipanda?"

"Basi hakikuwa hodhi. Kaa chini, Semboja."

Nilikaa, lakini sikusikia tena alichofundisha. Jumamosi ile niliazima kwenye maabara kipimajoto chenye mkuki mrefu, nikaenda Kwamdoe, nikakichomeka kando ya kaburi la baba, mpaka kina kile kile cha mwanandani. Kilisoma arobaini na sita.

Hesabu yenyewe ilikuwa ya mwanafunzi wa kawaida. Mwamba ni mvivu kupitisha joto. Linalomiminwa mwaka huu halijafika mbali kabla la mwaka ujao halijalikalia mgongoni, na likikosa pa kwenda pembeni linapanda juu, kwenye sakafu zetu. Nikaelewa kwa nini mama aliacha kulala kwenye mkeka. Nikaelewa kwa nini unga wa maandazi unaumuka kabla hujaosha mikono, na kwa nini watoto wa Kwamdoe huvaa viatu ndani ya nyumba. Tulikuwa tunaliita joto la mwaka huu, mwaka baada ya mwaka, na tukalizoea kama tulivyozoea mengine.

Baba hakuwa na dhambi. Baba alizikwa nyuma ya friji. Nililia pale pale nimekumbatia ule mkuki, kwa furaha na kwa hasira.

*

"Kama umekuja kuomba alama, rudi," alisema Dakta Hiza nilipoingia ofisini kwake Jumatatu.

"Shikamoo, Dakta. Nimekuja na kipimo."

Nikamweleza. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena.

"Arobaini na sita," alisema. "Mimi nilitegemea arobaini na mbili, mwisho."

Ilinichukua muda kuelewa nilichosikia. "Kwa hiyo unajua."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyechora." Hakupandisha sauti wala hakuinama. "Mwaka ule hospitali ilikuwa inatoa watoto njiti kila asubuhi wamefungwa kwenye kanga. Feni zinapuliza moto, manesi wanawapepea kwa maboksi. Nikaambiwa, Frida, tafuta pa kulipeleka hili joto. Ardhi ya Kwamdoe niliipima kwa mkono wangu, ilikuwa ishirini na tisa. Nikaandika ishirini na tisa. Sikuandika tarehe."

"Izime, basi."

Akanipa chaki. "Hesabu wewe. Ukubwa wa wodi unao, kuta unazijua, nje unakujua. Nikizima leo adhuhuri, wale njiti watakaa mpaka saa ngapi?"

Nilihesabu ubaoni kwake. Siku ile nilitamani ningekuwa mjinga. Wasingefika alasiri. Nilirudia kwa njia nyingine nikitafuta kosa, na njia ile nayo ikanipa jibu lile lile.

"Nachimba Mizizi mingine," alisema, "kule kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, ambako haishi hata mbuzi. Masika yakianza itakuwa tayari. Mpaka hapo nakuomba mdomo wako tu. Watu wa Kwamdoe wakijua leo, pampu zitakuwa zimevunjwa kabla hujamaliza kueleza, na mimi sitawalaumu."

"Na baba yangu asemwe mpaka masika."

"Wafu hawaungui, Chande."

"Mama yangu hajafa."

Alichukua kifutio akaanza kufuta ubao, kuanzia pembeni, taratibu, pamoja na wale njiti. Nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikubali. Moyo wangu haukukubali, hesabu ndiyo iliyokubali.

*

Mama alikuwa uani anachambua mchele, miguu ameipandisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwamdoe nzima inakaa hivyo, kama kuku wa kienyeji.

"Nimempata," alisema kabla sijaketi.

"Nani, mama?"

"Yule mwanamke. Wa Muheza. Baba yako alikuwa akienda kule kila baada ya Idi kuchukua vitambaa."

"Alikuwa anarudi na vitambaa, mama. Mimi ndiye niliyekuwa nampokea mzigo."

"Ndiyo, na vitambaa. Ulitaka mtu aende kuzini arudi mikono mitupu?"

Nilicheka, na nikajuta, maana yeye hakuwa akitania. Alikuwa amekonda. Miaka miwili hii mama alikuwa amekaa juu ya ndoo ile akipekua ndoa yake kama mtu anayetafuta sindano kwenye kapu la viraka, safari kwa safari, kuchelewa kwa kuchelewa, akitafuta dhambi yenye ukubwa wa kutosha kuchemsha udongo.

"Siku alipokufa waliniuliza mbele ya watu kama nimemsamehe," alisema. "Nikasema nimemsamehe duniani na akhera. Kisha nikaletewa habari za kaburi. Nimeichukua tena samahani yangu, Chande. Kila nikimaliza kuswali naikumbuka, na kila siku naichukua upya."

"Mama, udongo unaweza kushika moto kwa sababu nyingine. Yale mabomba ya..."

"Usinitetee baba yako kwa vitabu."

"Simtetei."

"Kama ni mabomba, mbona hujasimama msikitini ukasema? Mtoto gani ajue baba yake kaonewa, kisha anyamaze?"

Nilifungua mdomo. Nikaiona ile chaki ya Dakta Hiza na jibu lililogoma kubadilika. Nikaufunga. Mama alinitazama nikiufunga, akadhani ni aibu ya mtoto aliyeshindwa kumsingizia baba yake wema.

"Umeona," alisema, na akarudi kwenye mchele wake.

*

Mwishoni mwa Shaabani, masika yakiwa bado, Kombo alifiwa na mtoto. Kombo ni fundi baiskeli, nyumba yao na yetu zinatenganishwa na ukuta mmoja, tumekua pamoja. Mkewe Saumu alijifungua kabla ya miezi kutimia, kwa upasuaji, pale Kilimani. Mtoto akaitwa Twaha, akaishi siku chache, akaondoka. Saumu mwenyewe alikuwa bado kitandani na homa isiyoshuka, hajui hata kwamba mwanawe anazikwa.

Kule kwa zamani kulikosekana nafasi hata ya kichanga. Maalim Shehoza, imamu wetu, akasema baada ya sala, "Tumpeleke kiwanja kipya. Mtoto hana dhambi. Hatadhurika kwa kulala jirani na yeyote." Watu wakaitikia. Wakanitazama, kisha wakatazama mikeka. Maalim hakukusudia kunichoma, na ndiyo maana ilinichoma zaidi.

Nilijua kitakachotokea. Njia nzima kutoka msikitini nilikuwa nikijidanganya kwamba kaburi la mtoto ni fupi, huenda joto halijapanda mpaka pale. Bwana Ngoda alikuwa ametangulia kuchimba. Tulipofika alikuwa ametoka shimoni na ameketi kando, anajipepea kwa kofia.

"Hili nalo," alisema.

Maalim akainama, akaingiza mkono, akautoa upesi. Niliwaona wakifikiri, wanaume wazima, wengine baba zangu wadogo. Mtoto hana dhambi. Kaburi linawaka. Na mtu mmoja nyuma yangu akalipata jibu, akalitoa kwa upole kabisa, kama mtu anayesaidia.

"Basi si wa ndoa."

Kombo alikuwa amembeba mwanawe mikononi, sanda ndogo kama mkate. Hakugeuka kumtafuta aliyesema. Lakini niliona midomo yake ikianza kucheza, na nikajua anahesabu miezi. Mke wake anachemka kwa homa Kilimani, naye amesimama pale anahesabu miezi. Katika uso wake nilimwona mama yangu juu ya ndoo yake.

"Ni joto la hospitali," nilisema.

Wakageuka wote. Nikasema tena, kwa sauti. Nikawaeleza friji, mbele na nyuma yake, nikawaonyesha uzio, nikawaambia kila ubaridi wa Kilimani moto wake uko chini ya miguu yetu, chini ya vitanda vyetu, chini ya baba yangu. Bwana Ngoda alielewa kwanza. Alitukana tusi ambalo sitaliandika, pale pale makaburini, na hakuna aliyemkemea.

"Una hakika, kijana?" aliuliza Maalim.

"Nimepima, Maalim."

"Lini?"

"Rajabu."

"Rajabu," alirudia, na akaacha kunitazama.

"Hizo pampu ziko wapi?" mtu akauliza. "Nyuma ya huo uzio?" Majembe yalikuwa tayari mikononi, yana udongo wa kaburi bado. Watano, sita wakaanza kwenda. Nikapiga kelele kwamba kuna watoto njiti, kwamba hawatafika alasiri. Mmoja akanijibu bila kusimama kwamba hata watoto wake yeye wanalala kwenye sakafu ya moto.

"Ngojeni," alisema Kombo.

Wakasimama, kwa sababu ya alichobeba.

Akanigeukia mimi. "Wodi ya wazazi nayo inapozwa na hii?"

"Nayo."

"Saumu yuko chumba cha mwisho. Joto la chumba chake linakuja hapa?"

"Linakuja."

"Na la homa yake? La mwili wake?"

"Kombo, tusiende..."

"Nakuuliza wewe msomi."

"Hata la mwili wake."

Alitikisa kichwa polepole. "Hakuna atakayevuka uzio," aliwaambia wale wenye majembe. "Mke wangu yumo."

"Mpaka lini?" aliuliza Bwana Ngoda.

"Mpaka atoke. Akishatoka, nitatangulia mimi na jembe."

Walikubali, kwa jinsi watu wanavyomkubalia mfiwa. Hakuna aliyeuliza, siku Saumu atakapotoka, ni mke wa nani atakayekuwa amelazwa kitanda chake. Hata mimi sikuuliza. Kombo alimkabidhi Maalim mwanawe, akavua makubazi, akashuka. Hakunyanyua mguu hata mmoja. Alimpokea mwanawe kutoka kwa Maalim, akamlaza, kisha akabaki ameinama, kiganja amekibandika kwenye udongo ule wa moto, muda mrefu, mpaka Maalim akamwita jina. Nadhani alikuwa anamshika mkewe. Nilitoa machozi na sikuyaficha.

Ilipofika kutia udongo nilichota na mimi, kama kila mtu. Kombo akanishika kifundo cha mkono, akakipindua nje ya shimo mpaka kiganja kikabaki kitupu.

"Baba yako ulimwacha asemwe, hayo ni yenu," alisema. "Mke wangu naye ungemwacha asemwe mpaka lini?"

Sikutaka kumdanganya juu ya mwanawe. "Mpaka masika," nilisema.

Akaniachia. King'ora kilianza kulia upande wa bandarini, watu wakamaliza kufukia na kutawanyika mbio mbio. Mimi nilikwenda nyumbani kwa miguu ya pole, jua linanichapa kisogoni, nikitumaini nitafika kabla ya maneno. Sikufika. Maalim alikuwa anatoka mlangoni kwetu. Alinipisha bila salamu.

Mama alikuwa amekaa kitandani, ushungi umemwangukia mabegani. Hakuwa analia. Nilipiga magoti mbele yake kwenye ile sakafu, ikaniunguza, nikabaki hivyo hivyo.

"Tangu Rajabu," alisema.

"Kulikuwa na watoto, mama. Hospitalini. Wangekufa."

"Nimesikia. Maalim ameniambia vizuri." Akauweka sawa ule ushungi. "Sikulaumu kwa hao watoto. Lakini ulikaa pale uani ukanisikia namsingizia baba yako mwanamke, ukanitazama, ukafunga mdomo. Ungeniambia mimi peke yangu. Ulidhani nitakwenda kuvunja pampu?"

Ndivyo nilivyodhani. Nilimchukulia hivyo bila kumpima, kama tulivyofundishwa.

"Nisamehe, mama."

Alininyanyua kwa kwapa, maana magoti yalikuwa yanaungua na yeye aliliona hilo. Akanikalisha kando yake. Alinipa hata maji.

"Baba yako nimeshamrudishia samahani yake," alisema. "Yako nimeitafuta tangu Maalim alipoanza kusema. Sijaiona, mwanangu."